Mpira Alioupenda Kuku wa Mwasiti

Majaliwa alifika kijiweni bila hata kusema asalaam aleykum, na mtu anayeitwa Redio akisahau salamu, ujue habari aliyobeba inamchoma ulimi.

"Jamani, mmesikia? Trekta limeshajazwa mafuta!"

"Trekta gani?" aliuliza Akida, muuza kahawa, bila kuondoa macho kwenye birika lake.

"La mgodini kwenye almasi. Uwanja wa gofu unalimwa mtama!"

Benchi zima likamgeukia Pantaleo. Huyu ndiye aliyekuwa mtunza uwanja wenyewe, na hapo Ngokolo walimwita Kijani. Kazi yake ilikuwa kuumwagia mchanga oili chafu kuzunguka kila shimo, kuusawazisha mpaka uwe mweusi tii, kisha kuja kijiweni kuwaeleza watu kwamba Wazungu wanaiita sehemu ile kijani. Nyasi zenyewe zilishamalizwa na ng'ombe na jua, lakini jina lilibaki, na Pantaleo akabaki nalo.

"Kijani, ni kweli haya?"

"Kweli nusu," alisema Pantaleo, akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

"Hakuna kweli nusu!" Majaliwa alijibana kwenye benchi kwa nguvu mpaka aliyekaa mwisho akashuka. "Nimeipata kwa mtu aliyekuwa kwenye mkutano. Katibu wa tawi, Ndugu Donatus, amesimama akasema, huu ni mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, wananchi wanapanga foleni ya unga, na sisi tuna ardhi nzima imelala inangoja vimipira vya mabwana wanne. Akauliza, mfanyakazi gani hapa anacheza gofu? Kimya. Akauliza tena. Ndipo huyu bwana wenu akanyoosha mkono."

"Nani, Kijani?"

"Kijani huyuhuyu! Akasema, mimi, Ndugu Katibu, nacheza."

Akida alimimina kahawa nje ya kikombe. Bujiku, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeitwa Mnada kwa kuwa hata akiuliza saa utadhani anaita bei, aliweka fimbo yake chini apate nafasi ya kucheka vizuri.

"Gashi, kumbe! Unacheza gofu bebe, wewe?"

"Nacheza. Jioni, wenyewe wakishaondoka."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Na huwa anashinda nani?"

Kicheko kikapanda mpaka kwa fundi cherehani wa upande wa pili, naye akacheka bila kujua anacheka nini. Pantaleo alitabasamu na wao, maana asiyeweza kutabasamu kijiweni anaondoka na jina jipya.

"Ulimi uliponza kichwa," alisema Akida. "Endelea, Redio. Katibu akajibuje?"

"Akasema vizuri sana, basi Jumapili ucheze tukuone. Wazee wa tawi watakufuata nyuma. Mashimo yote tisa, na mpira mmoja tu, maana nchi haina fedha za kigeni za kuagiza mipira ya kupotezea vichakani. Ukimaliza na mpira wako mkononi, uwanja ni wa wafanyakazi, ubaki. Ukiupoteza, Jumatatu trekta linaingia. Na mtunza uwanja asiye na uwanja ni mzururaji kama wazururaji wengine, apande lori arudishwe kwao akalime."

"Kwao wapi?"

"Ushetu," alijibu Pantaleo mwenyewe.

"Tumbaku," alisema Bujiku, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakucheka.

Tumbaku, ndiyo. Pantaleo aliikimbia tangu ujana, yenyewe na moto wa kwenye mabani ya kuikaushia ambao hauruhusiwi kuzimika, na moshi uliomkaa kifuani hata leo akikohoa anausikia. Mkewe, Justa, alishamwambia asubuhi ile kwamba yeye harudi kuning'iniza majani, na kama mwanaume anapenda kunyoosha mikono mikutanoni basi aipandishe hiyo mikono yake kwenye lori peke yake. Pantaleo aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Aibu yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Sasa huo mpira unao?" aliuliza Akida.

Pantaleo alitazama huku na huku, akatoa leso mfukoni, akaiweka kwenye goti, akaanza kuifungua taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Kumbe alisahau yuko wapi. Shinyanga mtu hafungui leso namna ile mbele za watu. Sabiti aliruka kama aliyekalia siafu.

"Funika! Funika, ndugu yangu, unatumaliza!"

Sabiti waliyemwita Lenzi alikuwa mnunuzi wa vijiwe fulani ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, na mwenyewe aliapa mara kwa mara kwamba havipo.

"Ni mipira, Lenzi."

"Polisi watajua ni mipira? Wakifika wanakamata kwanza, kuangalia baadaye!"

Walipohakikisha njia ni nyeupe, wakainama wote. Mipira mitatu, Pantaleo aliiokota vichakani kwa miaka yake yote ya kazi na kuichagua kama mtu anayechagua mbegu.

"Huu mdogo ni wa Kiingereza," alianza, na sauti ikapata nguvu, maana hapa alikuwa kwenye shamba lake. "Unakata upepo, unakwenda mbali. Huu mkubwa kidogo ni wa Kimarekani. Ganda lake gumu, hata jiwe halilikati, na kwa kuwa ni mkubwa unakaa juujuu, rahisi kuupiga. Lakini upepo ukiushika unaupeleka unakotaka wenyewe. Huu wa tatu ni laini. Ukiupiga sawasawa unatua na kutulia hapohapo, kama mgeni mwenye adabu. Ukiukosea kidogo tu, ganda linachanika."

"Basi shida iko wapi?" alisema Majaliwa. "Si uchukue unaokwenda mbali!"

"Unaokwenda mbali ndio unaopotea mbali," alisema Akida.

"Na ardhi ya kule ni mbuga, udongo mweusi mzito, mnaijua," Pantaleo aliendelea. "Jua hili la kabla ya mvua limeipasua, nyufa mtu anaingiza mkono. Mpira mdogo ukikimbia kwenye nyufa zile, kwa heri."

"Chukua mkubwa."

"Na upepo?"

"Chukua laini."

"Na mawe?"

"Sasa bwana wee, unataka mpira au unataka mke?" Bujiku aliupokea ule mkubwa, akaunusa, akaubana kwa vidole kama anayetafuta mbavu za ndama. "Mimi nawaambia, ng'ombe hachaguliwi kwa uzuri wake, anachaguliwa kwa malisho anakokwenda na kwa mchungaji anayempeleka. Malisho tumeyasikia. Mchungaji hatujamwona. Simama, Kijani. Tuonyeshe mkono wako."

Alimpa ile fimbo ya ng'ombe. Pantaleo akasimama katikati ya njia, akatanua miguu, akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akainua fimbo, akaishusha.

Vumbi lilipotulia, kofia ya Sabiti ilikuwa mtaroni na kwenye ardhi kulikuwa na shimo la kupandia muhogo.

"Huyu hapigi," alisema Akida polepole. "Huyu analima."

Akamgeukia Pantaleo. "Heri umwambie Katibu akupe jembe tu, mtawahi kumaliza!"

"Mzaramo, nyamaza!" Bujiku alimkata Akida. "Nyie mnaokula nazi mnajua nini kuhusu kulima?"

"Najua kwamba Msukuma akipewa kijiko anatafuta pa kuchimba!"

"Mtani wangu, ukifa sikuziki, nitakuacha upikiwe kahawa!"

"Nikifa utalia wewe, nani mwingine anakukopesha kashata?"

Pantaleo aliwaacha utani uwatoke. Kwa mkono wa namna ile, alieleza, mpira laini haufai. Alishawasikia mabwana wakibishana barazani kwao wakati yeye anapanga fimbo zao. Mwenye mkono wa taratibu anachukua laini, ubonyee kidogo apate kuurusha, na mwenye mkono wa nguvu anachukua mgumu unaovumilia.

"Kwa hiyo laini tumeukataa?" aliuliza Sabiti.

"Tumeukataa."

"Vizuri. Nipe wembe."

"Wa nini?"

"Huwezi kuchagua kitu usichojua ndani mna nini. Katika kazi yangu, yaani katika kazi ambayo ningekuwa naifanya kama ningekuwa naifanya, kitu unakitazama mpaka moyo wake. Tupasue huu tuliokwisha kuukataa, tujue hii mingine imeumbwaje."

Hapo Pantaleo angesema hapana. Lakini hata yeye, miaka yote ya kuokota mipira, hakuwahi kuona ndani yake, na udadisi ni ugonjwa wa watu wote. Sabiti alizungusha wembe kwenye ganda, akabandua. Ndani kulikuwa na nyuzi za mpira, nyembamba, zimefungwa zikajikaza, nyuzi juu ya nyuzi.

"Ni manati!" alipiga kelele Majaliwa. "Wamefunga manati ndani!"

"Kata kidogo tuone mbele."

Sabiti akakata kidogo. Uzi wa kwanza ukakatika, ukauvuta wa pili, na ile manati ikaruka yenyewe mkononi mwake, ikaanguka kwenye benchi, ikaruka tena, ikawa inajifungua huku inakimbia. Ilipita kwenye vikombe, ikajisokota kwenye mkono wa birika, watu wakakimbia na Bujiku akaipiga fimbo kama nyoka. Ilipotulia ilibaki kijifuko kidogo katikati, na Sabiti, aliyekuwa hajatosheka, alikibinya.

"Kimenitemea! Macho yangu! Jamani, ni swila!"

"Ndio moyo wake huo," alisema Akida, akimmwagia maji. "Umeuona?"

Ikabaki miwili. Wakagawanyika, Majaliwa na Sabiti mwenye jicho moja wakasimama na Mwingereza, Akida na Bujiku na Mmarekani, wakapigiana kelele kana kwamba wao ndio watakaopanda lori la Ushetu. Pantaleo alikaa kati, akisikia kila upande una haki, na ndivyo mtu anavyochanganyikiwa kabisa.

Ndipo Mwasiti akafika na kapu lake la mayai ya kuchemsha. Alikuwa mjane wa fundi wa reli, mama yake Tabu, na kijiweni pale kahawa bila yai lake na chumvi yake yenye pilipili ilihesabiwa ni dawa tu.

"Mnagombania nini? Mayai ya kuwekea?"

"Si mayai, Mama Tabu. Ni mipira ya gofu."

"Ya gofu huko kwenu." Aliketi, akaipokea yote miwili, akaipima mkononi. "Ngokolo nzima tunawekea kuku. Ukitoa mayai yote kwenye kiota, kuku anasusa, anakwenda kutaga kwa jirani. Ukimwachia kitu cheupe cha mviringo, anajua kwake ni hapa. Mkubwa kama huu nilimwekea, akausukuma nje kwa mguu. Mdogo kama huu nao unang'aa mno, akaukalia asubuhi, mchana akashtuka. Kuku si mjinga jamani."

"Kwa hiyo akataka upi?"

"Anaukalia huu wangu." Alipapasa chini ya mayai, kwenye kitambaa. "Nimeutoa sasa hivi niusafishe, umejaa mavi yake."

Ulikuwa mpira wa zamani wenye ganda gumu, rangi yake imeshapauka mpaka imekuwa ya yai la kienyeji. Mwili mzima umekwaruzika, lakini haukuwa na mpasuko hata mmoja. Pantaleo aliushika. Ulikuwa na joto bado. Alikumbuka mabwana wale wakati wa kipupwe wakitembea na mipira mfukoni, wanaipasha kwa miili yao, wanasema mpira wa baridi hauruki. Akaudundisha kwenye jiwe la kizingiti. Ukapanda mpaka kifuani, ukashuka, ukadunda mara moja zaidi, ukakaa.

Haukukimbia. Wote waliuona haukukimbia.

"Mikwaruzo hii inaufanya mzito wa kukimbia," alisema Pantaleo, kama anayejiambia. "Mabwana wangeutupa. Lakini mimi sipigi mbali, jamani. Nilipokuwa nacheza peke yangu jioni nilikuwa napiga pale ninapoweza kuuona, naufuata, napiga tena. Sikuwa na mpira wa kupoteza. Mchezo wangu ndio huo, wa mtu maskini."

"Na huu umezoea kukaa," alisema Bujiku, akitikisa kichwa kwa heshima. "Ng'ombe aliyezoea zizi hapotei."

"Mama Tabu, niazime."

"Nikuazime yai la kuku wangu ukalipige fimbo?"

"Mpaka Jumapili jioni. Nikirudi nalo uwanja umebaki, nami nimebaki."

Mwasiti alimtazama. Alimfahamu Justa, jirani yake wa ukuta mmoja, na alisikia kelele za asubuhi.

"Jumapili jioni," alisema. "Ikipita hapo kuku anahamia kwa Mama Limi, na Mama Limi kukaanga anajua, kurudisha hajui."

Jumatatu asubuhi Akida aliwasha moto wake mapema kuliko siku zote. Jana yake hakwenda, maana mtu mwenye birika haliachi, na usiku hakuna aliyepita kumwambia kitu. Alipowaona wanakuja wote wanne kwa pamoja, wamenyamaza, hata Redio, aliweka koleo chini.

"Semeni. Uwanja unalimwa au haulimwi?"

"Haulimwi," alisema Majaliwa. "Wala haujaachwa."

"Sasa hiyo ni habari au kitendawili?"

"Kaa chini, Mzaramo," alisema Bujiku. "Hii utaihadithia mpaka kwenu Kisarawe."

Ikawa zamu ya Majaliwa, na alipopata hewa hakuna aliyeweza kumzima. Lori la mgodi liliwapakia sokoni alfajiri. Wazee wa tawi walikuwa wamevaa makoti, Ndugu Donatus mbele yao, trekta limeegeshwa pembeni na dereva wake amekaa juu kama bwana harusi. Shimo la kwanza Pantaleo alipiga, mpira ukaenda mwendo wa jirani kwa jirani, ukakaa. Watu wakacheka. Akaufuata, akapiga, ukakaa. La pili, la tatu, ukakaa.

"Shimo la nne upepo ukaja!" Majaliwa alisimama juu ya benchi. "Kofia ya Katibu ikaenda zake! Mpira wa Mama Tabu, wapi, umelala!"

"La sita kulikuwa na nyufa," aliingilia Sabiti. "Ulifika ukingoni, nikafumba jicho langu zima. Nikafumbua, umekaa."

"Mpaka la tisa," alisema Majaliwa. "Ukatua kwenye mchanga mweusi, karibu na shimo, karibu hivi, hata Mama Tabu angeusukuma kwa ncha ya kanga. Imebaki kuupenyeza tu. Watu tumeshaanza vigelegele. Kijani akageuka kuchukua ile fimbo fupi. Mwambie, Kijani, ulikwenda kuchukua fimbo au kuvuta pumzi?"

Pantaleo alipuliza kahawa yake. Alikuwa amekwenda kuchelewesha. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kwamba jioni zile zote peke yake, mipira ya mbali na shimo aliiweza, ya karibu aliikosa. Mpira ukiwa mbali alikuwa mchezaji. Ukiwa karibu na shimo alikuwa mtu wa tumbaku.

"Amegeuka," Majaliwa alishusha sauti, "na kwenye kile kichuguu cha pembeni kikatoka kichwa."

"Cha nani?"

"Cha kenge. Mkubwa, mnene, mzee wa makamo. Akatembea mbele ya tawi zima bila salamu. Akaunusa mpira. Sasa ule mpira umekaa chini ya kuku tangu lini? Unanuka yai kuliko yai! Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaumeza. Akalamba midomo. Akarudi kwake."

"Mzima?" aliuliza Akida.

"Katibu akapaza sauti, mpira umepotea, trekta liingie! Dereva akawasha. Na Kijani amesimama na fimbo fupi, amekuwa kijani kweli. Hapo ndipo Mnada akavuka mstari."

Bujiku alikohoa kwa unyenyekevu wa uongo.

"Mimi niliuliza tu swali. Nikasema, wazee wangu, nyie wote mna ng'ombe, na wengine mmewaweka kwa watu wawalishie. Ng'ombe akitoka malishoni mchungaji asijue aliko, huyo tunasemaje? Wakasema amepotea, mchungaji analipa. Nikasema, na akikamatwa na simba mchana, watu wanaona, mchungaji akaonyesha nyayo na pango? Wakasema huyo hajapotea, huyo ameliwa, mchungaji hana deni. Nikasema, haya, nani hapa hajui mpira ulipo? Anyooshe mkono."

"Wakanyoosha?"

"Na wewe! Wazee walitazamana, gashi, gashi, mpaka Katibu akageuka nyuma akajikuta peke yake. Naye ana ng'ombe wake kwa binamu zake kule Runzewe, aseme nini? Siku akikataa sheria ile, ndio siku binamu wanawala ng'ombe wenyewe bila kuonyesha nyayo."

"Akasema kichuguu kichimbwe," alidakia Sabiti. "Mzee mmoja akamwambia, Ndugu Katibu, tukichimba tunalima, na uwanja bado haujahukumiwa. Hukumu ikawa hivi: mchezo umesimama. Kenge akitoa, kwa juu au kwa chini, mpira ukapatikana, Pantaleo anamalizia lile shimo la mwisho mbele ya tawi. Mpaka hapo trekta lizimwe."

"Na nani anamlinda kenge?"

"Mtunza uwanja," alisema Pantaleo. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile, na alilisema kwa furaha aliyojaribu kuificha.

Walikuwa bado wanacheka Mwasiti alipofika, mikono kiunoni, kapu tupu begani.

"Yai langu?"

"Liko kwa kenge, Mama Tabu."

"Kenge yupi? Maana hapa naona wengi."

"Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo," alisema Akida upesi, "lakini huyu ni mwenyewe hasa, wa kichuguuni."

Hakucheka. Kuku wake alishaonekana asubuhi ile ndani ya ua wa Mama Limi, anajikung'uta mabawa kama aliyenunua kiwanja.

Basi ikaja njaa ya mayai. Watu walikunywa kahawa na chumvi yenye pilipili, wakapangusa machozi. Pantaleo alikwenda mgodini na lori kila siku, na kila Ndugu Donatus alipopita alimkuta amechuchumaa mbele ya kichuguu, mnyenyekevu, kama anayengoja daktari atoke.

"Ametoa?"

"Bado, Ndugu Katibu."

Mvua za kwanza zikanyesha. Ile mbuga iliyopasuka ikalainika, nyufa zikafumba, na huo ndio ukawa wakati wenyewe wa kulima. Trekta likapashwa, likazimwa. Likapashwa, likazimwa. Mwishowe shamba la ushirika likaliomba, likaenda huko, likanasa topeni mpaka magurudumu.

Siku moja baada ya mvua kukatika, Ndugu Donatus mwenyewe akaonekana Ngokolo. Alikuja kwa shughuli nyingine, alisema, ila kahawa ni kahawa. Benchi zima likajivuta kumpa nafasi ya watu watatu.

"Karibu, Ndugu Katibu."

"Ahsanteni, ndugu zangu. Pantaleo, habari ya mgonjwa wetu?"

"Bado hajatoa, Ndugu Katibu."

"Kenge gani huyu? Mimi nikila tende na kokwa yake najua kesho yake."

"Kenge ni mzito wa kusikia na mzito wa kutoa," alisema Bujiku. "Wazee wanajua."

Katibu alipumua. "Mtama nao una msimu wake. Ukipita umepita. Labda mwakani."

Mwakani! Pantaleo alilisikia neno lile likimshuka kifuani, pale moshi wa mabani ulipokuwa ukimkaa, na kwa mara ya kwanza tangu anyooshe mkono mkutanoni alivuta pumzi yote.

Hapo hapo Mwasiti akatokea kwenye kona na kapu kichwani. Aliliteremsha, akafunua kitambaa. Mayai. Kapu limejaa, ya moto bado, na chumvi yake kwenye karatasi.

Kijiwe kikafa ganzi. Sabiti akagundua uzi kwenye kofia yake. Bujiku akaanza kukagua kucha. Pantaleo akaona kitu cha maana sana chini ya kikombe chake.

"Ashukuriwe Mungu!" alisema Katibu, akichagua kubwa. "Niliambiwa Ngokolo mayai yameadimika, mama."

"Yaliadimika, Ndugu Katibu. Kuku wangu alihama. Sasa amerudi kiotani."

"Nini kimemrudisha?"

Mwasiti aligeuza macho taratibu, yakatua kwenye utosi wa Pantaleo, yakatulia hapo.

"Amepata alichokuwa amekosa. Nimekiosha mara tatu."

Katibu akamenya yai lake, akifikiri. Akalichovya kwenye chumvi. Akaacha kutafuna.

"Alichokuwa amekosa ni nini?"

Ndipo wote wakamkumbuka Majaliwa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, macho yamemtoka, shingo imevimba. Habari kubwa kuliko zote alizowahi kubeba imempanda mpaka kooni, na mdomo umeanza kufunguka wenyewe. Akida hakuweka birika chini. Kwa mkono wa pili alinyakua yai lililomenywa, zima, akamsokomeza Majaliwa mdomoni mpaka mashavu yakatuna.

Ndugu Donatus alimtazama Majaliwa. "Ndugu huyu alitaka kusema kitu?"

Majaliwa alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Huyo ni Redio, Ndugu Katibu," alisema Akida, akimmiminia mgeni kikombe kingine mpaka juu. "Imekwisha betri. Na betri nazo siku hizi, mwenyewe unajua, hazipatikani."